Kulia kwa Serikali

Mtaani walimwita Bwana Greda, na yeye hakuona ubaya. Wenzake walistaafu wakabaki na pensheni na maumivu ya mgongo; yeye alibaki na vyote viwili, na jina juu yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameendesha greda, ile mashine ya kusawazisha udongo, kwenye barabara moja tu, ile inayotoka jijini, ikapita mabonde na vilima na kinamasi kikubwa, hadi kwenye mji wao mdogo. Mtu mwingine angesema alifanya kazi barabarani. Yeye alisema alifanya barabara, na ukijaribu kumsahihisha mtakesha hapo. Ilianzia jijini, penye nguzo fupi nyeupe iliyoandikwa sifuri, ikaishia nyuma ya kituo cha mafuta, hatua chache kutoka mlangoni kwake, pale lami inapokatika na vumbi linapoanza.

Sasa, kuna jambo la watu wa barabara ambalo asiyelijua hatamwelewa mzee huyu. Kwao kulia na kushoto si mambo ya mikono. Kulia ni kulia kwa mtu aliyetoka sifuri anakwenda mbele, basi. Hata ukigeuza greda ukawa unarudi jijini, mtaro wa kulia unabaki kuitwa wa kulia, ingawa sasa uko kwenye mkono wako wa kushoto. Na ni lazima iwe hivyo, maana msimamizi akisema mtaro wa kulia umeziba, hataki kusikia mtu anauliza kulia kwa nani. Dereva mmoja mgeni aliwahi kusahau, akachimba mtaro mrefu upande ambao haukuhitaji hata mfereji, na kufika saa ya chai alikuwa ameshafungashiwa virago. Bwana Greda alikuwa kijana wakati huo. Alitazama yule mwenzake akiondoka na begi lake, na tangu siku hiyo kulia kwake kukaganda ardhini, hakukumfuata tena mwilini.

Kambini hilo lilikuwa jambo la kawaida, lakini nyumbani lilikuwa balaa. Nyumba yake, kwa hesabu zake, ilianzia getini. Kwa hiyo kabati la vyombo lilikuwa kulia hata kwa mtu anayetokea uani, na mkewe alishapekua rafu zisizo na chumvi mpaka akachoka. Binti yao mkubwa alirudi siku moja kutoka chekechea machozi yanamtiririka, kwa sababu mwalimu alisema wanyooshe mkono wa kulia, naye akauliza darasa linaanzia wapi. Hata kitandani, mzee akisema, "Sogea kulia kidogo," mkewe alikuwa na jibu lake:

"Kulia kwako, kulia kwangu, au kulia kwa serikali?"

Huyo mke alikuwa fundi wa kushona, na kama mafundi wengi wa kushona aliweza kukutania pini zikiwa mdomoni na asimeze hata moja. Sebule yao nusu ilikuwa ya viti na nusu ya cherehani, na wateja waliokuja kupimwa walikaa zaidi ya muda wa kupimwa, kwa ajili ya mdomo wake tu. Mumewe alijivunia mdomo huo. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akijifanya anasikiliza redio, kumbe anamsikiliza yeye.

Lakini katika utani wote wa mama huyu, ulikuwepo mmoja ambao Bwana Greda hakuupenda. Akichelewa dukani, mkewe humuuliza, "Vipi, ulikwama topeni?" Akichelewa kwa kinyozi, ni hivyo hivyo. Wateja hucheka, watoto walicheka, na yeye hucheka pia, kwa meno tu. Moyoni alihisi kuchomwa pini, na hakuwahi kumwambia mtu.

Maana tope lilikuwa na historia yake. Mwaka ule mvua ilinyesha bila adabu. Barabara ilikuwa imefika kwenye kinamasi, kambi iko ng'ambo ya jijini, nyumbani kuko ng'ambo hii, na katikati kuna maji, mafunjo, na nusu ya tuta ambalo halijamaliziwa. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, akafariki ghafla asubuhi. Habari ikafika kambini kwa redio ya upepo iliyounganisha kambi na mji. Bwana Greda hakungoja ruhusa. Akachukua lori, akaingia nalo kwenye kinamasi, na lori likazama hadi milangoni. Wenzake wakajaribu kulivuta kwa kamba, kamba ikakatika. Akajaribu kwa miguu, akarudishwa na maji. Mwishowe akazunguka kinamasi chote, akipita pembezoni, akilala alipolala, mpaka akatokea upande wa pili.

Alipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Watu walikuwa wametawanyika, na viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja wenyewe. Alisimama mlangoni tope likiwa limemfika kifuani, akaeleza yote, tangu redio ilipolia hadi pale alipokanyaga kizingiti. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akamtilia maji ya kuoga.

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomkosesha mzee usingizi. Wakati ule kulikuwa na maneno ya watu kuhusu mpishi wa kambi, mwanamke mcheshi aliyependa kuwapakulia madereva minofu, na Bwana Greda aliyajua maneno hayo na alijua yamefika hadi kwenye cherehani. Hayakuwa na ukweli wowote. Kama mkewe angemuuliza, angekula kiapo. Lakini mkewe hakuuliza. Alianza tu huo utani wa tope, mwezi mmoja au miwili baadaye, na mumewe akausikia kama hukumu: kwamba hakuaminiwa, na hataaminiwa.

Halafu likaja la kuchekesha, ambalo yeye hakulicheka. Kazi yake nzuri ndiyo iliyomponza. Tuta lilipokamilika, likashindiliwa, likatiwa lami, kinamasi kikageuka kuwa mahali pa kupita bila hata kupunguza mwendo. Mara ya kwanza walipopita pale na basi, mzee alimgusa mkewe bega. "Hapa ndipo," akasema. Mkewe akatazama nje. Lami ilikuwa nyeusi na laini, na kandokando yake yalisimama mafunjo mabichi, marefu, kama pazia. Nyuma ya pazia hilo hakuna jicho linaloona kitu.

"Hapa?" mkewe akauliza.

"Hapahapa."

"Haya," akasema mkewe, akafungua chupa yake ya maji. Basi likawa limeshapita.

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu, na mkewe akaanza kuumwa goti, goti la kukanyagia cherehani. Daktari akampiga marufuku safari za basi. Ndipo binti yao mkubwa, aliyekuwa akiishi jijini, akajifungua mtoto wake wa kwanza, akasema hataki kusikia habari ya goti wala ya daktari, atawakatia wazazi wake tiketi za ndege. Waje wakati huu wa mvua, wakae mpaka kiangazi, kisha mkwe wao atawarudisha taratibu kwa gari lake, wakipumzika njiani.

Mkewe alifurahi kwa sababu ya mjukuu. Bwana Greda alifurahi kwa sababu ya mjukuu, na kwa sababu nyingine ambayo aliifungia kifuani. Muuza dawa wa mtaani, mtu aliyepanda ndege mara kwa mara kufuata dawa zake, aliwahi kumwambia: "Mzee, kile kinamasi chenu, ukikiona kutoka juu wakati wa mvua, utashika kichwa. Chini mnaona majani tu. Juu unaona ni bahari ya matope." Maneno hayo Bwana Greda hakuyasahau. Kutoka juu hakuna pazia. Mkewe angetazama mara moja tu, angeona ukubwa wa kitu kile, angejua kwamba siku ile mumewe alisema kweli. Ilikuwa nafasi moja. Kurudi wangerudi kwa gari, tena maji yakiwa yamekauka.

Kwa hiyo akaanza kuchunguza viti vya ndege kama mtu anayenunua kiwanja. Alikwenda kwa muuza dawa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa ingawa haumwi.

"Usikae juu ya bawa," muuza dawa akamwambia. "Ukikaa hapo utaangalia bati safari nzima."

"Basi nyuma ya bawa."

"Nyuma kunatikisika, na moshi wa injini unakufanya uone nje kunacheza. Kaa mbele ya bawa. Halafu uangalie sana, kuna safu nyingine unaambiwa ni dirishani, ukifika unakuta ukuta. Mimi nilishauziwa ukuta. Nilisafiri nimeutazama kama mtu aliyepewa adhabu."

Bawa alilielewa, ukuta aliuelewa. Kuhusu upande, hakumuuliza mtu, na angemuuliza nani? Yeye alikuwa ameziona ndege hizo akiwa kambini miaka nenda miaka rudi, na siku zote zilipita upande wa kushoto wa barabara, mbali kidogo, juu ya vilima. Kama ndege iko kushoto kwa barabara, basi barabara iko kulia kwa ndege. Aliipiga hesabu hiyo kichwani, akairudia juu ya meza kwa kutumia kijiko na kiberiti, na kila mara ilitoka vilevile.

Binti alipopiga simu, mzee aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Baba, tiketi tayari. Sasa hapa wananiuliza mkae wapi. Naviona viti vyote."

"Mama yako akae dirishani. Mbele ya bawa. Na dirisha liwepo kweli, usiuziwe ukuta."

"Ukuta gani tena, baba? Haya, dirisha. Upande gani?"

"Kiti cha kulia."

"Cha kulia nini?" binti akacheka, maana alikuwa amerithi mdomo wa mama yake. "Safari yenyewe fupi hii, watawapa karanga na maji."

"Upande wa kulia, wewe mtoto!"

"Sawa, sawa. Kulia ukiwa umeangalia mbele, kule anakoangalia rubani?"

Swali hilo lilikuwa zawadi, na mzee akalitupa. "Kulia ni kulia, binti yangu," akasema. "Ile barabara nimeijua wewe hujaota meno."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda ukingo wa kitambaa cha kumbebea mjukuu. "Na mimi nikae dirishani niangalie nini?" akauliza bila kuinua kichwa. "Mawingu?"

"Utaona barabara."

"Barabara si ninayo hapa nje? Naisikia usiku kucha."

"Utaona kinamasi," mzee akasema.

Cherehani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Siku ya safari, Bwana Greda alivaa ile suti ya kustaafu, ambayo sasa ilimbana kwapani. Uwanja wa ndege wa mji wao ni jengo moja refu lenye feni na mzani, na nyuma ya mzani alikaa dada mmoja mwenye tabasamu la kazi, aliyepokea mizigo na kutoa vipande vya karatasi vya viti. Alimwona mama anavyochechemea, akaangalia kwenye mashine yake.

"Mzee, upande wa kushoto nina safu nzima tupu, palepale mbele. Niwahamishie huko? Mama atanyoosha mguu."

"Asante, mwanangu, usijisumbue. Sisi ni kulia."

"Kushoto mtakaa kwa raha zaidi."

"Kulia," akasema mzee, na mishipa ya shingo ikamsimama.

Dada akamgeukia mama. Mama akatikisa kichwa. "Mwache tu, mwanangu. Huyu na kulia kwake walifunga ndoa kabla hajanioa mimi." Dada akacheka kicheko cha kweli sasa, akawapa viti vyao.

Ndani ya ndege mzee alihakikisha kwanza: dirisha lipo, bawa liko nyuma yao. Akamkalisha mkewe dirishani, akamfunga mkanda, akajifunga na yeye. Ile safu tupu ya kushoto, ng'ambo ya njia ya katikati, ilikuwa imeshapata mwenyewe. Jitu moja la watu lilikuwa limejimwaga pale kwa viti vyote, limevuta pazia la dirisha chini, na kabla injini hazijapamba moto lilikuwa linakoroma. Bwana Greda alimwonea huruma mtu anayelipa nauli ya ndege aje kulala.

Ndege ikapaa, ikakata kona, ikanyooka. Mzee alijinyoosha juu ya bega la mkewe. Chini palikuwa na vilima.

"Vizuri," akasema. "Hivyo ndivyo inavyoanza. Sasa hivi utaona mstari."

Vilima vikaendelea. Vikaja vichaka, na mto mmoja mwembamba ambao mzee hakuwahi kuuona, kisha vilima vingine.

"Mstari huo uko mbali?" mkewe akauliza.

"Subiri. Rubani bado hajakaa sawa."

Mkewe akasubiri, naye akasubiri, na shingo ikaanza kumuuma. Ndege ilikuwa imekaa sawa kabisa. Ng'ambo ya njia ya katikati, safu za mbele yao, watu wa upande wa kushoto walikuwa wameinua simu zao kwenye madirisha, wanapiga picha, na mwanamke mmoja alimwita mwenzake, "Njoo uone barabara inavyokwenda, kama imechorwa!"

Bwana Greda aliwatazama watu wale. Akatazama mbele, kule anakoangalia rubani. Kule mbele kulikuwa na jiji. Walikuwa wanarudi sifuri. Alikuwa amepanga kila kitu, bawa, dirisha, mvua, kasoro jambo moja, kwamba ndege iliyotoka kwao inarudi nyuma, na kulia alikokujua yeye kulikuwa sasa upande wa yule mtu anayekoroma. Akarudi nyuma kwenye kiti taratibu, mikono juu ya magoti.

Mkewe alimtazama uso. Akatazama wale wenye simu. Akaelewa, maana alikuwa ameishi na ugonjwa huo tangu ujana wake.

"Baba watoto," akasema. "Kulia huku ulikoagiza ni kwetu, au kwa serikali?"

"Kwa serikali," akajibu mzee kwa sauti ndogo.

Mkewe akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka abiria wa mbele wakageuka, na kila akijaribu kunyamaza kilimtoka tena puani. Siku nyingine mumewe angecheka naye. Leo aliona nafasi yake inapita chini ya ndege, upande asioweza kuuona. Kabla hajajizuia alikuwa ameshafungua mkanda, amesimama, anamtikisa yule mtu bega.

"Samahani, ndugu yangu."

Yule mtu akafumbua jicho moja. "Tumefika?"

"Bado. Naomba dirisha lako."

"Dirisha? Kwani la kwenu bovu?"

"La kwetu halioni. Na hili hulitumii."

Yule mtu akajiinua kidogo, akajipangusa mdomo. "Huko nje kuna nini, mzee wangu?"

"Kuna tope."

"Umeniamsha niangalie tope?"

"Si wewe. Mke wangu."

Yule mtu akamtazama mzee mwenye suti ya kubana, mwenye macho yaliyoanza kulowa, halafu akamtazama mama ambaye kicheko kilikuwa kimemkatika ghafla. Akavuta miguu yake. "Mama, karibu, pita," akasema, akajibanza kadiri mwili wake ulivyomruhusu, akamfungulia na pazia. Mama akaingia hadi dirishani. Yule mtu akarudi kukaa, akajaa, na kati ya magoti yake na kiti cha mbele hapakubaki nafasi hata ya kupenyeza kidole. Na hapo mhudumu akaja na toroli la maji, akamwambia mzee kwa upole arudi kitini kwake.

Basi Bwana Greda akakaa peke yake upande wa kulia, akatumia kitu pekee alichobaki nacho, yaani sauti. "Mama watoto! Angalia kona! Barabara ikianza kuzunguka, hapo ndipo!"

"Anasema uangalie kona," yule mtu akapeleka ujumbe.

"Nimemsikia," akasema mama. "Hata rubani amemsikia."

Mzee akafumba macho. Hakuhitaji dirisha ili kuijua barabara yake. Alijua sasa wanapita machimbo ya kokoto, sasa daraja la chuma, sasa ule mteremko ambapo greda ya kwanza ilikatika breki. Sasa kona. Alisikia yule mtu akipumua kwa nguvu.

"Lo! Hili ni ziwa au nini?"

"Kinamasi," mama akajibu.

"Chote hiki? Mbona hakina mwisho? Sasa mtu alipitaje hapa kabla ya barabara?"

"Hakupita," akasema mama. "Mume wangu alitaka kupita."

Mzee aliona kipande cha kilemba cha mkewe tu, juu ya bega la yule mtu, kimegeukia dirishani na hakitikisiki. Alitamani kumwita na akajizuia. Toroli la maji likapita, likarudi, na kilemba bado kiko palepale, ingawa kwa mwendo wa ndege kinamasi kilikuwa kimeshaachwa nyuma zamani.

Mkewe aliporudi, mhudumu alimshika mkono kwa sababu ya goti. Akakaa kwenye kiti chake, akafunga mkanda mwenyewe, akalaza mikono yake mapajani. Pembe za macho zilikuwa nyekundu. Mumewe alimngojea aanze, akashindwa kungoja.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Chote?"

"Chote. Kikubwa. Barabara yako kule chini inaonekana kama uzi ulioangukia kwenye kitambaa."

"Na hapo tuta lipo. Siku zile tuta halikuwepo. Sasa niambie wewe mwenyewe, mtu angeweza kupita pale?"

"Asingeweza," akasema mkewe.

Neno hilo alikuwa amelingojea tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alidhani siku akilisikia atajiona mwepesi, ataweza hata kuimba. Alikaa akingoja wepesi uje. Haukuja, kwa sababu mkewe alikuwa bado anamtazama.

"Nani alikwambia sikukuamini?" mkewe akauliza.

"Si wewe? Kila siku unaniuliza kama nimekwama topeni."

"Ndiyo hadithi uliyoniletea, baba watoto." Alisema bila ukali, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Mama yangu ametolewa nyumbani, nimebaki na viti vya watu. Kila anayekuja ananiambia nijikaze. Nikajikaza. Nikasema, ngoja baba watoto aje, akija nitalia. Ukaja. Ukasimama mlangoni ukaniambia tope. Lori limezama mpaka hapa, kamba imekatika, umezunguka huku, umetokea huku. Nikasema, ngoja amalize. Ukamaliza, ukaoga, ukalala."

"Nilikuwa nimechoka."

"Ulikuwa umechoka. Hilo nalo naliamini."

"Na yale maneno ya watu kuhusu mpishi?"

"Mpishi gani?" akauliza mkewe, na ilionekana wazi kwamba hamkumbuki.

Bwana Greda akageuza uso. Akarudi nyuma akilini, nyumba ile, mlango ule, akitafuta. Shemeji zake alikwenda kuwapa mkono, mmoja mmoja. Majirani aliwashukuru. Mchimba kaburi alimfuata hadi kwake. Kwa mkewe alikumbuka kueleza tu, na kueleza tena kesho yake, na mwaka uliofuata, na kwenye basi, na kwenye simu kwa binti kuhusu kiti. Miaka yote hiyo alikuwa akijitetea katika kesi ambayo hakuna aliyeifungua, na yule aliyefiwa alikuwa amekaa hapohapo pembeni yake, na pini mdomoni, anangoja amalize. Aliona aibu, aibu ya kumchoma masikio, na chini ya aibu akaona huruma ambayo ilipaswa kumjia pale mlangoni.

Ndege ilikuwa imeanza kushuka. Masikio yakaziba.

Akautafuta mkono wa mkewe, ule wenye sugu ya mkasi, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mama watoto," akasema. "Pole sana kwa kufiwa na mama."

Mtu akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa, hata kama hajapoa. Ndiyo adabu, na mkewe aliijua adabu kuliko watu wengi. Lakini kwanza aliliacha lile neno lifike.

"Asante," akasema. "Nilikuwa sijapoa."